Faili Likiwa Washington: Maisha ya Wanaosubiri Kusamehewa Miaka Miwili

Kwenye viza ya J-1, ya wanaokwenda Marekani kwa programu za kubadilishana wasomi, inayobandikwa ndani ya pasipoti, sehemu ya chini, huandikwa maneno machache kwamba mwenye viza anabanwa na kifungu cha 212(e), kanuni ya miaka miwili. Siku viza inapotoka ubalozini Nairobi au Dar es Salaam, ni wachache wanaoyatilia maanani. Kuna mabegi ya kufunga, mashangazi wa kuaga, na familia inayotaka picha ya pamoja. Maneno hayo huanza kuuma baadaye, pale mafunzo yanapokaribia kwisha, mwajiri mpya yuko tayari na mtoto ameshaanza shule. Hapo ndipo mhusika anagundua kwamba hawezi kupata viza ya kazi ya H wala grinkadi mpaka kwanza akaishi kwao kwa jumla ya miaka miwili, au serikali ya Marekani imsamehe sharti hilo.

Kuomba msamaha huo si kazi ngumu sana. Kinachowamaliza watu ni kusubiri jibu.

Katika jamii za Watanzania, Wakenya na Waganda wanaoishi Maryland, Dallas, Minneapolis au Lowell, si ajabu kumkuta mtu mwenye shahada tatu ambaye maisha yake yamesimama kwa sababu ya bahasha moja. Hanunui samani kwa kuwa huenda akaondoka. Mkataba wa nyumba anausaini kwa miezi michache tu. Akiulizwa na mama yake kwa simu atarudi lini, hana jibu, na akiulizwa na mwajiri ataanza kazi lini, hana jibu pia. Kati ya maswali hayo mawili kuna maisha ya mtu mzima ambayo sheria haikuyataja popote, maana sheria ilitaja miaka miwili ya kukaa nyumbani, haikutaja miezi ya kukaa katikati.

Sharti lenyewe ni la zamani. Bunge la Marekani liliingiza miaka miwili kwenye sheria mwaka 1956, na sheria ya Fulbright-Hays ya 1961 ikaliendeleza. Hoja ilikuwa kwamba mgeni aje, ajifunze, kisha arudi na maarifa kwao, ili programu za kubadilishana wasomi zisigeuke mlango wa kuhamia. Ni miaka ileile ambayo mwanasiasa Tom Mboya alikuwa akitafuta fedha za ndege za kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani. Kundi la kwanza, wanafunzi 81, liliondoka Septemba 1959. Mwaka uliofuata kijana mwingine wa Kenya, Wangari Maathai, alifika Atchison, Kansas, na 1966 alikuwa amerudi Nairobi na shahada ya pili ya biolojia mkononi. Nchi zilikuwa changa na zilimhitaji kila aliyehitimu. Hata hivyo Maathai mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba alipofika alikuta kazi aliyoahidiwa chuoni amepewa mtu mwingine. Pengo kati ya sheria inayomtaka msomi arudi na nyumbani kunakotakiwa kumpokea lilikuwepo tangu wakati huo.

Mwaka 1970 sheria ililegezwa, sharti likabaki kwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la waliolipiwa, hata kwa sehemu tu, na serikali ya Marekani au serikali yao. Humo wamo wanafunzi wa Fulbright, wataalamu wa programu ya Humphrey, na vijana wa Mandela Washington Fellowship iliyoanza kupokea watu mwaka 2014. Kijana aliyekaa wiki sita kwenye chuo cha Marekani chini ya programu hiyo anadaiwa miaka miwili sawasawa na mtafiti aliyekaa mitano. Kundi la pili ni la wale ambao fani yao imo kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika katika nchi yao. Sheria ya 1976 ikaongeza la tatu: madaktari wanaokuja kufanya mafunzo ya ubingwa hospitalini. Hawa wanabanwa hata kama hawakulipiwa senti moja na serikali yoyote.

Kabla ya kuanza kusubiri, basi, inafaa mtu ajue kwa hakika kama kweli anabanwa. Maneno yaliyoandikwa kwenye viza huandikwa na ofisa wa ubalozi, na ofisa anaweza kukosea. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayo njia ya kuomba maoni rasmi: mwombaji hutuma nakala za fomu zake zote za DS-2019, yaani hati za programu yake ya J-1, naye hujibiwa kama sharti linamhusu au la. Orodha ya ujuzi nayo hubadilika. Desemba 2024 wizara hiyo ilitoa orodha mpya, ya kwanza tangu 2009, ikaziondoa nchi zaidi ya 30, zikiwemo China, India, Brazil, Afrika Kusini na Oman. Mwomani mwenye ndugu Zanzibar aliyekuwa amefungwa na orodha hiyo peke yake alilala akiwa na deni la miaka miwili, akaamka hana. Madaktari na waliolipiwa na serikali hawakuguswa. Wapo watu waliolipa mawakili na kukesha wakijaza fomu za kuomba kusamehewa sharti ambalo halikuwahusu, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kuwa lingeweza kuepukwa.

Anayebanwa kweli ana njia tano za kusamehewa. Serikali ya nchi yake inaweza kuandika kwamba haipingi asirudi. Anaweza kuthibitisha kwamba akirudi atateswa kwa rangi, dini au msimamo wake wa kisiasa. Anaweza kuthibitisha kwamba mwenzi au mtoto wake aliye raia wa Marekani, au mwenye ukaazi wa kudumu, atapata shida ya kipekee. Taasisi ya serikali ya Marekani inaweza kumwombea kwa sababu inamhitaji. Na daktari anaweza kuombewa na idara ya afya ya jimbo.

Kila njia ina foleni yake, na hapa ndipo inapofaa kuelewa faili linapita mikononi mwa nani.

Chukua njia ya kwanza, barua ya kutopinga, ambayo ndiyo ya kawaida kwa watafiti na wanafunzi ambao hawakulipiwa na serikali ya Marekani. Mwombaji hujaza fomu DS-3035 mtandaoni, hupewa namba ya faili, hulipa dola 120, kisha hutuma makaratasi kwa posta mpaka St. Louis, Missouri. Yakitoka huko hufika Washington, kwenye kitengo cha Wizara ya Mambo ya Nje kinachopitia maombi ya msamaha. Kitengo hakianzi kupima hoja mpaka nyaraka zote ziwe zimekamilika, na moja ya nyaraka hizo haiko mikononi mwa mwombaji. Barua ya kutopinga lazima itoke serikalini kwake na kufika kitengoni kwa njia ya kiserikali, kwa kawaida kupitia ubalozi wa nchi yake ulioko Washington. Hawezi kuipeleka mwenyewe hata kama anaishi mtaa wa pili.

Kitengo kikiridhika, hakitoi msamaha. Kinapendekeza tu. Pendekezo hupelekwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, na hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Wengi hupokea barua ya pendekezo wakadhani wamefika, wakaanza kusherehekea na hata kuacha kazi, kumbe bado kuna foleni nyingine mbele yao. Katika njia ya shida ya familia mzunguko ni mrefu zaidi: fomu I-612 huanzia USCIS, ikikubalika huko hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kwa pendekezo, kisha hurudi tena USCIS. Ofisi mbili, safari tatu, na hakuna ada ya kuharakisha.

Kwa hiyo mtu anapolalamika kwamba faili lake limekwama, swali la kwanza ni limekwama wapi. Tovuti ya kitengo huonyesha, kwa namba ya faili, ni nyaraka zipi zimepokelewa. Mara nyingi jibu liko hapo: barua ya ubalozi haijafika, au ukurasa mmoja wa DS-2019 ya zamani haumo, au aliyehama hakutoa taarifa ya anwani mpya na barua ikaenda kwa mpangaji mwingine. Anayeishi Marekani kwa viza anatakiwa kisheria kuitaarifu USCIS ndani ya siku 10 anapohama. Ni jambo dogo, lakini limewapotezea watu miezi.

Hata hivyo ucheleweshaji mwingi hauna kosa la mwombaji. Faili limekamilika, namba inaonyesha kila kitu kimepokelewa, na bado kimya. Wiki zilizotajwa kwenye tovuti kama makadirio hupita. Hapo hakuna cha kurekebisha, na ndipo watu huanza kufanya makosa kwa sababu ya kuchoka.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba ombi lililoko mezani ni ruhusa ya kuishi. Si ruhusa. Muda wa J-1 huisha tarehe iliyoandikwa kwenye DS-2019, na baada ya hapo kuna siku 30 za kujiandaa kuondoka, basi. Msamaha unaosubiriwa hauongezi hata siku moja. Tuseme mtafiti wa kilimo aliyetoka Morogoro anamaliza mradi wake mwezi wa sita na ombi lake la msamaha liko Washington tangu Januari. Anayo haki ya kuomba chuo kimwongezee muda wa J-1, ikiwa hajamaliza miaka mitano inayoruhusiwa kwa watafiti. Lakini kuna mtego: wizara ikishatoa pendekezo zuri la msamaha, muda wa J-1 hauongezwi tena. Akiomba msamaha mapema mno na jibu likaja haraka kuliko alivyotarajia, anaweza kujikuta amesamehewa huku muda wake unaisha na mwajiri hajakamilisha makaratasi ya viza mpya. Akichelewa mno, muda unaisha msamaha haujaja. Ofisi ya wanafunzi na wasomi wa kigeni chuoni inaijua hesabu hii, na ushauri wake kwa kawaida hautozwi. Inashangaza ni watu wangapi humtafuta rafiki wa WhatsApp kabla ya kubisha hodi kwenye mlango huo.

Wapo pia wanaodhani ndoa itamaliza mambo. Kuoa au kuolewa na raia wa Marekani hakufuti miaka miwili, wala kuzaa mtoto aliye raia hakufuti. Ndoa hufungua tu mlango wa kuomba kwa sababu ya shida, na mlango huo ni mwembamba. Tangu uamuzi mmoja wa uhamiaji wa mwaka 1965, mwombaji hudaiwa ushahidi wa pande mbili: kwamba mwenzi wake atapata shida ya kipekee akifuatana naye Afrika, na kwamba atapata shida ya kipekee akibaki Marekani peke yake. Upweke wa kawaida wa wapendanao hautoshi. Kinachopimwa ni mambo kama ugonjwa wa mtoto anayehitaji tiba isiyopatikana kule, au mzazi mgonjwa anayetegemea mkono wa mwenzi huyo. Na mke au mume aliyekuja kwa viza ya J-2, pamoja na watoto, hubanwa na deni lilelile la aliyewaleta, ingawa hakuna kati yao aliyesoma programu yoyote.

Kisha kuna misiba.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki hakuna sehemu ya kusubiri iliyo nzito kama hii. Simu inalia saa tisa usiku kwa saa za Marekani, na kwa namna ndugu anavyosalimia, anayesalimiwa anajua tayari. Kundi la familia linaanza kupanga michango, nani analeta jeneza, nani anakwenda kumpokea nani. Anayesubiri faili Washington anatuma mchango mkubwa kuliko uwezo wake, kisha anafuatilia mazishi kwa simu iliyoegemezwa kwenye glasi mezani, picha ikikatika kila baada ya dakika chache. Huko nyumbani hakuna anayeelewa neno msamaha wa viza. Wanachoona ni kwamba mtoto mkubwa wa kiume hakuja kumzika baba yake, na jambo hilo litasemwa kwenye ukoo miaka ishirini ijayo.

Ni muhimu, basi, ukweli uwekwe wazi, maana hofu nyingine hazina msingi. Kuondoka Marekani hakuui ombi la msamaha. Ombi linaweza kufunguliwa na kuendelea mwombaji akiwa Arusha au Kisumu. Kinachokuwa hatarini ni kurudi: kama viza iliyoko kwenye pasipoti imekwisha muda, atalazimika kusimama tena mbele ya ofisa wa ubalozi, na milango ya balozi hufungwa bila taarifa ndefu. Machi 2020 balozi za Marekani zilisimamisha huduma za kawaida za viza duniani kote kwa sababu ya korona. Kati ya tarehe 27 Mei na 18 Juni 2025 miadi mipya ya usaili wa viza za wanafunzi na za J-1 ilisimamishwa. Tangu Juni 9, 2025 raia wa Burundi wamewekewa vizuizi vya viza za J, za wanafunzi na za utalii. Mtu anayepima kama apande ndege kwenda kuzika anapima mambo haya yote kwa siku moja, akiwa na machozi machoni. Heri ayajue kabla msiba haujabisha hodi: viza yake inaisha lini, pasipoti ina miezi mingapi, barua ya chuo anaipata kwa nani.

Kwa madaktari mambo yana sura yake. Ili kupata J-1 ya mafunzo ya ubingwa, daktari wa Kenya au Tanzania huleta barua kutoka wizara ya afya ya nchi yake ikisema kwamba nchi inahitaji ubingwa huo na kwamba ameahidi kurudi. Kwa sababu hiyo hiyo njia ya barua ya kutopinga imefungwa kwake kisheria. Wengi huenda kwa njia ya jimbo, iliyoanzishwa 1994 na kupewa jina la Seneta Kent Conrad wa North Dakota, jimbo ambalo vijiji vyake vilikuwa havipati madaktari. Mwanzoni kila jimbo lilikuwa na nafasi 20 kwa mwaka, na tangu 2002 ni 30. Daktari anayesamehewa hujifunga kufanya kazi miaka mitatu, saa 40 kwa wiki, mahali penye uhaba wa waganga, na aanze ndani ya siku 90 tangu asamehewe.

Mwaka wa bajeti wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1, na mafunzo ya ubingwa huisha Juni 30. Ndani ya miezi hiyo tisa faili linapaswa kupita jimboni, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha USCIS, na baada ya hapo ombi la viza ya H-1B nalo lishughulikiwe. Ombi la H-1B linaweza kulipiwa ada ya haraka, lakini la msamaha haliwezi. Ofisi moja ikilala kwa wiki sita, zahanati ya mji mdogo fulani inabaki bila daktari mwezi Julai, na daktari mwenyewe anabaki bila mshahara. Wagonjwa waliokwisha kupangiwa miadi wanaambiwa wasubiri. Hapo ucheleweshaji haumuumizi mgeni peke yake, na ndiyo maana hospitali zenye wanasheria makini hufungua faili mapema sana na kufuatilia kila hatua.

Je, kurudi nyumbani si jibu? Swali hili linastahili kuulizwa kwa heshima, kwa sababu upungufu wa madaktari Afrika Mashariki ni wa kweli na kuna kina mama wanaofia njiani kuelekea hospitali. Lakini Kenya ilishuhudia madaktari wakigoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, na siku 56 mwaka 2024, mara hii ya pili moja ya hoja ikiwa ni vijana waliohitimu udaktari na wasipangiwe vituo wala kulipwa kama ilivyokubaliwa. Sheria ya Marekani inamwambia daktari arudi kwa kuwa nchi yake inamhitaji. Akirudi, nchi hiyo humwambia hakuna bajeti ya kumwajiri. Mwandishi wa makala hii anaona ni haki mtu aliyesomeshwa kwa fedha za umma kupewa sharti la kurudi. Si haki kumweka kwenye kimya kisicho na mwisho kana kwamba muda wake hauna thamani katika nchi zote mbili.

Hata hivyo hesabu ya kurudi ni lazima ifanywe, na wengi hawaifanyi. Miaka miwili hiyo ni ya jumla, si lazima iwe mfululizo: miezi minane leo, mwaka mmoja baadaye, yote huhesabiwa. Lakini huhesabiwa tu kwa siku ambazo mtu yuko katika nchi yake ya uraia au ile aliyokuwa na makazi ya kudumu kisheria kabla ya kupata J-1. Mtanzania akikaa Nairobi hazihesabiwi. Mrundi aliyekuwa na makazi ya kudumu Tanzania hawezi kujiamulia tu ni nchi ipi ya kwenda kuhesabia, bali lazima apate jibu rasmi. Siku anazokaa Marekani akingoja msamaha hazipunguzi chochote kwenye deni. Kuna watu waliosubiri kwa muda ambao ungetosha kumaliza miaka miwili yenyewe, na mwisho wakakataliwa. Kwa hiyo ni busara mtu ajiwekee tarehe: mpaka mwezi fulani jibu lisipokuja, nitapanga safari, ombi liendelee nikiwa nyumbani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mwenye tarehe anajua anangoja mpaka lini. Kwa mtu asiye na watoto shuleni na mwenye kazi inayomngoja chuo kikuu kwao, mara nyingine hilo ndilo jibu jema kuliko yote. Kwa mwenye mtoto anayetibiwa saratani Houston, haliwezi kuwa jibu.

Anayeamua kuendelea kusubiri ana njia za kusukuma bila ugomvi. Mbunge wa eneo analoishi, katika Bunge la Marekani, ana wafanyakazi ambao kazi yao ni kuuliza ofisi za serikali kuhusu mafaili yaliyokwama. Mkaazi asiye raia anaweza kuomba msaada huo. Hutia saini fomu ya kuruhusu taarifa zake zitolewe, na ofisi ya mbunge huandika. Haibadilishi uamuzi, lakini mara nyingi hutoa faili chini ya rundo. Njia nzito zaidi ni mahakama. Sheria ya taratibu za utawala inazitaka ofisi za serikali kumaliza mambo ndani ya muda unaofaa, na tangu 1984 mahakama za shirikisho zina vigezo vya kupima kama kuchelewa kumepita kiasi. Hakimu anaweza kuiamuru ofisi ijibu. Hawezi kuiamuru ijibu ndiyo. Kuhusu kupinga pendekezo lenyewe la wizara, mahakama za rufaa zilitofautiana mwaka uleule wa 1987, moja ikisema haiwezi kulipitia na nyingine ikisema inaweza, kwa mipaka. Mwenye nia ya kushtaki ajue anakwenda kudai jibu, na ajiandae kwa gharama.

Na mahali penye watu waliochoka hawakosekani vishoka. Hujitangaza kwenye mikusanyiko ya kijamii na makundi ya simu kwamba wana mtu ndani. Kwa sheria ya Marekani, mwenye ruhusa ya kumwakilisha mtu kwenye maombi ya uhamiaji ni wakili aliyesajiliwa, au mwakilishi wa shirika la hisani aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Pesa iliyopewa mwingine yeyote ni hasara, na fomu yenye uongo ulioandikwa na kishoka humwajibisha aliyetia saini, si kishoka.

Wanaoivuka miezi hii bila kuvunjika moyo kabisa hufanana kwa mambo machache. Wana siku moja ya wiki ya kuangalia faili, si kila saa wakiwa kazini. Wamewaeleza wazazi, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hawajakatazwa kupenda nyumbani bali wanangoja karatasi. Wana mtu mmoja wa kumwambia ukweli, awe padri, shehe, au jirani aliyepitia hayohayo. Wanaendelea kufanya kazi ya maana kwa kibali walichonacho, maana mke au mume mwenye J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi, na familia nyingi zimesimama kwa mshahara huo. Na wameacha kuona aibu. Aibu ndiyo inayowafanya watu wajifungie, waache kwenda harusini na misibani kwa wenzao, mpaka siku moja hakuna anayejua kama wapo.

Kuna sehemu moja ya kuchelewa huku ambayo haiko mikononi mwa Marekani. Barua ya kutopinga ni ya serikali zetu. Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali na balozi zao zilizoko Washington ndizo zinazoamua inachukua muda gani, nani aulizwe kabla haijaandikwa, na mwombaji ajibiwe lini. Haziwajibiki kukubali kila ombi. Mwalimu aliyesomeshwa na chuo cha umma kwa mkataba ana deni halali la kulipa. Lakini kukataa kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja ni huduma, na kukaa kimya mwaka mzima ni kumtelekeza raia. Balozi zinaweza kutangaza kwenye tovuti zao orodha kamili ya nyaraka, jina la dawati linalohusika na siku za kazi zinazohitajika, na kumpa kila mwombaji namba ya kufuatilia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya, na wizara zetu za mambo ya nje zinaombwa zianze nayo mwaka huu.